Udhuru wa Sabini na Moja

Kuna picha ya lori lililopinduka ambayo nimeifikiria kuliko picha nyingi za wanariadha wakikata utepe. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 23 alizokimbia Berlin mwaka 2013, alitafutwa na wapimaji tarehe 17 Mei 2019 na hawakumpata mahali alipoandika kwamba atakuwapo. Alipotakiwa kujieleza, akasema barabara ilikuwa imezibwa na lori lililoanguka. Ikatolewa na picha. Lori lilikuwa lori la kweli, na lilikuwa limeanguka kweli. Ila ajali ile ilitokea tarehe 19 Agosti, miezi mitatu baada ya siku aliyokuwa akiitolea maelezo. Mwaka 2020 alifungiwa miaka minne, na sehemu ya kosa lake ilikuwa hiyo picha.

Jemima Sumgong yeye alileta karatasi. Mwaka 2016 alishinda London mwezi wa Aprili, na mwezi wa Agosti, pale Rio, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya marathoni katika Olimpiki. Februari 2017 sampuli yake ikakutwa na EPO, ile homoni inayouamrisha mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi za damu ili misuli isikose oksijeni. Maelezo yake yalikuwa ya kutia huzuni: mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na matibabu ya dharura katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Nani mwenye haya angethubutu kumhoji mwanamke juu ya jambo kama hilo? Lakini hospitali ilipoulizwa, nyaraka zile hazikuwa zake. Na yeyote aliyekuwa Kenya miezi ile anakumbuka kwamba madaktari wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo uliodumu siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017. Adhabu ya miaka minne ikaongezwa ikawa minane. Minne ya kwanza ilikuwa ya EPO, na minne ya pili ya karatasi.

Sisi Wakenya tunaijua karatasi. Tumelelewa nayo. Barua ya chifu ya kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe, ripoti ya polisi ya kitambulisho kilichopotea, cheti cha daktari cha kumpelekea mwajiri aliyekuuliza jana ulikuwa wapi. Mwajiri hakuulizi kama uliumwa. Anakuuliza kama una karatasi. Na kwa kuwa swali ni la karatasi, jibu nalo limekuwa la karatasi, na kila mtu anajua kuna vichochoro Nairobi ambako muhuri wa ofisi yoyote ya nchi hii hupatikana kabla chai haijapoa. Nasema haya kwa sababu watu wa nje wakisoma kesi hizi hushangaa jinsi wakimbiaji wetu wanavyofika mbele ya majaji wakiwa na nyaraka za hospitali zilizopigwa mihuri. Mimi sishangai. Mtu hujitetea kwa silaha aliyofundishwa kuitumia.

Swali langu linatuhusu sisi tunaosikiliza zaidi kuliko wao wanaojitetea. Mtu akikupa udhuru, una wajibu gani kwake? Je, kutomwamini ni kumdhulumu?

Barazani kwetu Mombasa, wazee wakishaketi na kahawa baada ya swala ya magharibi, swali hili hujibiwa kwa misemo miwili inayogombana. Wa kwanza ni ule wa wahenga: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mkimbiaji akisemwa, basi. Udhuru wake ni pambo tu. Wa pili hupenda kuletwa na masheikh, wakiunukuu kutoka kwa wema waliotangulia: mtafutie nduguyo udhuru, hata sabini; na ukikosa wote, jiambie kwamba huenda anao mmoja usioujua wewe. Huo wa mwisho, usiojulikana, mimi huuita udhuru wa sabini na moja. Ni msemo mzuri, na nimeishi nao tangu utotoni. Lakini tangu mwaka 2017, kilipoanzishwa kitengo cha uadilifu wa riadha kinachoitwa AIU, Wakenya zaidi ya 100 wamefungiwa kwa mambo ya dawa za kusisimua misuli. Ukimtafutia kila mmoja udhuru sabini utafika elfu saba. Nani ana kifua hicho?

Basi watu wamechagua kucheka. Kicheko ndicho hukumu ya umma siku hizi. Mkimbiaji anakamatwa asubuhi, udhuru unatoka mchana, na kabla ya jioni utani umeshaenea kwenye simu zote. Nimecheka pia, na sioni ubaya wa kucheka kwenyewe. Ubaya ni kwamba kicheko hupima kitu kimoja tu, nacho ni kama hadithi inachekesha.

Mchukue Richard Gasquet, mcheza tenisi wa Ufaransa. Mwaka 2009 alikutwa na kokaini mkojoni baada ya mashindano ya Miami. Akasema alimbusu mwanamke kwenye klabu ya usiku, na kokaini ilitoka mdomoni mwa mwanamke yule. Hebu ipeleke hadithi hiyo barazani uone. Lakini kiasi kilichokutwa kilikuwa kidogo mno, wataalamu wakakubali kwamba busu lingeweza kukileta, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Uswisi ikamwachia. Sumgong alikuwa na hadithi ya kuliza, na ilikuwa imetungwa. Gasquet alikuwa na hadithi ya kuchekesha, na waliokaa na ushahidi wakaiona kuwa ndiyo yenye uwezekano mkubwa. Uwongo huwa na nafasi ya kupanga mavazi yake. Jambo lililotokea kwa bahati mbaya halina nafasi hiyo. Linakuja na kanzu ya ndani nje.

Au wachukue Wamarekani wawili waliotaja nyama. Jarrion Lawson, anayeshindana kuruka mbali, alikutwa mwaka 2018 na trenboloni, dawa ambayo kule Marekani hupewa ng'ombe ili wanenepe. Akasema aliila kwenye nyama ya ng'ombe katika mgahawa wa Kijapani. Akafungiwa miaka minne, akakata rufaa, na Machi 2020 mahakama ileile ikamsafisha, akiwa ameshakaa nje zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Shelby Houlihan, mkimbiaji wa mita 1500, alikutwa na nandroloni Desemba 2020. Akasema ilitoka kwenye nyama ya nguruwe ndani ya burito, chapati ya Kimeksiko aliyoinunua kwenye gari la chakula. Alipima nywele zake, akakaa hata kwenye mashine ya kugundua uwongo. Mwaka 2021 majaji walisema hawakushawishika, wakampa miaka minne. Mimi sina maabara, siwezi kusema nani kati yao alikula nini. Ninachoweza kusema ni kwamba utani waliofanyiwa ulikuwa mmoja. Mlaji wa nyama wa kwanza na mlaji wa nyama wa pili walichekwa kwa sauti ileile, na waliomcheka Lawson hawakurudi kuzungumza aliposafishwa.

Kesi inayonisumbua kuliko hizo zote ni ya Asbel Kiprop, kwa sababu ndani yake ukweli na usio ukweli walilala kitanda kimoja.

Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1500 mara tatu mfululizo, 2011, 2013 na 2015, alipimwa Iten tarehe 27 Novemba 2017 na sampuli ikatoa EPO. Habari zilipovuja mwaka uliofuata, aliandika maelezo marefu. Alisema aliarifiwa mapema kwamba wapimaji wanakuja, jambo lililokatazwa kabisa, kwa kuwa kipimo kina maana pale tu kinapokuja kama mwizi. Alisema mmoja wa wahusika alimwomba pesa, naye akamtumia kwa M-Pesa. Akadokeza kwamba huenda sampuli yake ilichezewa.

Nakumbuka jinsi maelezo yale yalivyopokewa. Watu walisema: huyu naye, ameshindwa hata kutunga. Mpimaji akupigie simu? Umtumie pesa kwa M-Pesa, uache alama? Na sehemu hiyo, iliyosikika kama uzushi wa mchana kweupe, ndiyo iliyopata uthibitisho kwanza: AIU wenyewe walikiri kwamba inaonekana mwanariadha alipewa taarifa mapema, wakasema wamesikitishwa sana. Lakini wakaongeza kwamba taarifa ya mapema haiwezi kuitia EPO ndani ya mkojo. Suala la kuchezewa kwa sampuli lilisikilizwa, likakataliwa, na mwaka 2019 Kiprop alifungiwa miaka minne.

Tazama ilivyo ngumu. Waliomwamini yote walikosea, na waliomkatalia yote walikosea. Na kosa la hawa wa pili lilikuwa na gharama yake, kwa sababu aliyekuwa akisema kwamba baadhi ya wapimaji wanaovunja kanuni wapo alikuwa akisema jambo ambalo nchi ilihitaji kulisikia, hata kama alilisema ili ajiokoe. Tumezoea kuuchukua udhuru kama sarafu, ama ni halali ama ni bandia. Mara nyingi ni kama mchele wa sokoni. Wali upo, na chuya zipo, na aliye na haraka ya kupika huvunja jino.

Sheria ya michezo, kwa upande wake, imekataa kazi ya kuchagua mchele. Kanuni yake ya msingi ni kwamba mwanariadha anawajibika kwa kila kitu kinachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Kosa limeshathibitika pale maabara inapotoa jibu. Udhuru unaingia baadaye, wakati wa kupima adhabu, na mwenye kuuthibitisha ni yeye: aonyeshe ile kitu iliingiaje, kwa kiwango ambacho kuna uwezekano zaidi kwamba anasema kweli kuliko kwamba hasemi. Katika kesi ya wizi wa kuku mtuhumiwa hulindwa kuliko hivyo. Wengi huiona kanuni hii kuwa ya kikatili, na kwa kweli ni kali. Mtu maskini aliyelishwa kitu asichokijua atamlipa nani achunguze nyama iliyokwisha kuliwa mwezi uliopita? Vipimo vya nywele, wataalamu wa sumu, mawakili wa kusafiri hadi Lausanne, hivyo vyote hununuliwa. Ukweli usio na pesa ya kujithibitisha unapata adhabu sawa na uwongo.

Hata hivyo naitetea, na sababu yangu ni Kiprop huyohuyo, ila akiwa na miaka 19. Mwaka 2008 Beijing alimaliza wa pili katika mita 1500, nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Mwaka uliofuata sampuli za Ramzi zilipopimwa upya zikakutwa na CERA, ndugu wa EPO, na dhahabu ikahamia kwa kijana wa Kenya. Lakini wimbo wa taifa uliopigwa uwanjani usiku ule ulikuwa wa Bahrain, na usiku ule haurudi. Kila mbio ina mtu wa pili. Udhuru unapotolewa, mtu wa pili hayupo chumbani. Hana wakili pale, hana hadithi ya kuliza wala ya kuchekesha. Kama sheria ingemwachia kila mwenye udhuru unaosikika vizuri, ingekuwa inatoa mali ya huyo asiyekuwapo.

Hapo ndipo ninapoona mpaka wa ule msemo wa udhuru sabini. Dhana njema ni sadaka, na sadaka hutolewa mfukoni mwako. Rafiki akinikosea miadi, ninaweza kumpa udhuru sabini, kwa sababu aliyekosewa ni mimi na muda uliopotea ni wangu. Siwezi kumpa udhuru kwa pesa za jirani. Hata kadhi, ambaye bila shaka anaujua msemo huo kuliko mimi, akikaa kwenye kiti chake haulizi watu wana dhana gani. Anauliza ushahidi uko wapi. Kwa hiyo ninaweza, nikiwa mtazamaji, kumwombea mtu kheri, nikakataa kumtukana, nikaacha wazi ule udhuru wa sabini na moja nisioujua, na wakati huohuo nikakubali afungiwe. Watu hudhani mambo hayo mawili hayakai pamoja. Mbona yanakaa.

Na adhabu ikiisha? Ferdinand Omanyala alifungiwa miezi 14 mwaka 2017 kwa sababu ya betamethasoni, dawa iliyokuwa kwenye sindano aliyochomwa akitibiwa maumivu ya mgongo. Kati ya maelezo yote niliyoyataja ndiyo yasiyo na ajabu yoyote: mgongo ulimuuma, akaenda kutibiwa. Alitumikia miezi yake, akarudi. Mwaka 2021 wakati wa kuchagua timu ya Olimpiki ya Tokyo, chama cha riadha kilitaka kumzuia kwa kuwa kilikuwa na kanuni ya kutomchukua yeyote aliyewahi kuadhibiwa. Ilibidi apiganie nafasi. Akaipata, akawa Mkenya wa kwanza kufika nusu fainali ya mita 100 kwenye Olimpiki, na Septemba ya mwaka huo, pale Kasarani, akakimbia kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Hadi leo akitajwa barazani kuna mmoja atakayekohoa na kusema, lakini si yule alikuwa na mambo ya dawa? Huyo anayekohoa hajui kama ilikuwa sindano au kidonge, mgongo au goti. Anajua tu kwamba lilisemwa.

Kuna jambo moja sikulifikiria mpaka shangazi yangu aliponiamsha.

Oktoba 2024 Ruth Chepngetich alikimbia Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi ya awali, ya Tigst Assefa wa Ethiopia, alikuwa ameipiku kwa karibu dakika mbili nzima. Kwenye mkutano na waandishi, mmoja wao alimuuliza awaambie nini wanaoona muda huo ni mzuri kupita kiasi. Akajibu kwamba watu lazima waseme. Nyumbani tulikasirika. Wabunge wakalizungumzia kwa hasira, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema swali lile halikuwa na adabu. Bado nasema hivyo: kumuuliza mshindi siku ya ushindi wake, bila ushahidi wowote mkononi, ni kumtaka athibitishe kitu ambacho hakuna binadamu anayeweza kukithibitisha kwa mdomo.

Machi 2025 akapimwa, akakutwa na haidroklorothiazidi. Ni dawa ya kutoa maji mwilini, hupewa wenye shinikizo la damu, na imepigwa marufuku kwa wanariadha kwa sababu mkojo mwingi unaweza kuficha dawa nyingine. Kiwango cha chini kinachotakiwa kuripotiwa ni nanogramu 20 kwa mililita. Yeye alikutwa na 3,800. Alipohojiwa mara ya kwanza hakuwa na maelezo. Baadaye akasema amekumbuka: siku mbili kabla ya kipimo aliugua, akanywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani bila kuuliza ni dawa gani. AIU wakasema maelezo hayo ni vigumu kuyasadiki. Kisha wakasema jambo ambalo wanaocheka hawakulisoma: hata yangekuwa kweli, mwanariadha wa kiwango chake kumeza kidonge cha mtu mwingine bila kutazama ni uzembe mkubwa kiasi cha kuhesabiwa kama makusudi. Udhuru wenyewe ulikuwa kukiri. Alikubali kosa, akapunguziwa mwaka mmoja kati ya minne, akafungiwa mitatu. Rekodi ya Chicago, kwa kuwa ilitangulia kipimo, imebaki kwenye vitabu.

Barazani ilikuwa sherehe. "Dawa ya yaya" likawa neno la wiki. Nilirudi nyumbani na utani huo, nikamsimulia shangazi, nikingoja acheke. Shangazi amefanya kazi za nyumbani Nyali kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa akichambua mchicha. Hakucheka.

"Kijiko kikipotea, ni yaya," akasema. "Maziwa yakimwagika, ni yaya. Mtoto akiongea matusi, kamfunza yaya. Sasa na mkojo wa tajiri pia, ni yaya?"

Nikamwambia, "Lakini shangazi, yeye hakulaumiwa. Dawa ilikuwa yake tu."

"Dawa yake imesomwa dunia nzima, mwanangu. Wewe unaijua presha yake. Mumewe anaijua? Nyumba atakayoomba kazi kesho, hawaijui?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa nikapitia upya kesi zote nilizokuwa nikizijua, na katika karibu kila moja nikamkuta mtu amesimama pembeni ambaye hakuna aliyemwita. Kamila Valieva, mtelezaji kwenye barafu wa Urusi aliyekuwa na miaka 15 tu, alikutwa na dawa ya moyo, na aliyesimamishwa mbele ni babu yake: mara ilikuwa bilauri waliyochangia, mara ni kitindamlo cha stroberi alichokiandaa mahali alipopondea vidonge vyake. Majaji hawakukubali. Jannik Sinner wa tenisi alikubaliwa: mtaalamu wake wa viungo alijipulizia dawa kidoleni palipokatika, kisha akamkanda kwa mikono mitupu. Sinner alikosa miezi mitatu tu, na mtaalamu akapoteza kazi. Gasquet ana mwanamke wa Miami. Sumgong ana madaktari waliodaiwa kumtibu. Udhuru wa kweli una mtu ndani yake na udhuru wa uwongo una mtu ndani yake, na mara nyingi mtu huyo ndiye mdogo kuliko wote nyumbani: mzee, mhudumu, mpishi, yaya.

Tumetumia miaka mingi tukibishana kama mwenye udhuru anastahili kuaminiwa. Sijasikia mabishano juu ya huyo aliyekopwa. Kama hadithi ni ya kweli, siri ya mwili wake imetolewa hadharani bila idhini. Kama ni ya uwongo, ametwishwa ushahidi wa jambo ambalo hakuliona. Na katika hali zote mbili, tunapocheka tunamcheka na yeye, kwa sababu utani wote uko kwenye neno "yaya"; ingekuwa dawa ya waziri, nani angecheka?

Siku chache baadaye shangazi aliniuliza kama magazeti yalimtaja yule mfanyakazi kwa jina. Nikafungua simu, nikatafuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nikasoma hadi shangazi akachoka kuningoja. Sikuliona popote.

"Afadhali," akasema. Akavuta mkoba wake wa zahanati, akatoa paketi ya vidonge vyake vya presha, akaanza kuvihesabu kama vitamfikisha mwisho wa mwezi.